Usiku Mmoja Kiwanjani: Viza za Mama na Watoto Wapitao Nchi ya Watu

Juma hili ukurasa wetu wajibu swali ambalo limekuwa likirudi mara kwa mara kutoka makambini na vituoni. Mke na watoto wanapomfuata baba aliyepelekwa masomoni ng'ambo, nayo ndege yao ya kwanza ikafika nchi ya katikati jioni, na ya pili isiondoke mpaka asubuhi, je, wahitaji viza ya nchi hiyo walalayo usiku mmoja? Bwana mmoja wa polisi, ambaye atakwenda Toronto, huko Kanada, kusoma kwa mwaka mmoja, ameliuliza kwa maneno makali kidogo: "Watoto wangu hawaendi kukaa kwa watu hao. Wanapita tu. Kwa nini waombe ruhusa ya kusinzia?" Ameongeza kwamba yeye na watoto wake wanne ni raia wa Uganda, lakini mkewe, mzaliwa wa Bunia, angali na pasipoti ya Kongo.

Uchungu wake twaufahamu, kwa maana viza ya mtu mmoja ni fedha, na viza za mama na watoto wanne ni mshahara wa miezi. Hata hivyo ni afadhali hesabu hiyo ifanywe sasa nyumbani, kuliko ifanywe na karani wa ndege pale Entebbe usiku, mizigo ikiwa imekwisha kufungwa na nyumba ya kambini imekwisha kukabidhiwa kwa mwingine.

Yafaa ifahamike kwanza kwamba viza haifuati urefu wa usiku, bali yafuata meza ya uhamiaji. Katika viwanja vingi vikubwa vya ndege mna ukumbi wa abiria wapitao, ulio kabla ya meza hiyo. Aliye ukumbini humo, kwa macho ya sheria ya nchi nyingi, bado hajaingia nchini, hata akilala kitini hadi alfajiri. Akiivuka meza, amekwisha kuingia, ijapokuwa amekwenda tu hoteli iliyo ng'ambo ya barabara kwa saa tano. Ndiyo sababu abiria mmoja aweza kukaa kiwanjani saa kumi na nane bila kuulizwa neno, na mwingine akazuiwa kwa ajili ya saa nne.

Hapo ndipo familia nyingi zinapoponzwa na hoteli. Mama aona watoto wamechoka, anunua chumba kwa bei nafuu mjini, asijue kwamba chumba hicho kiko upande wa pili wa mpaka. Viko viwanja vyenye hoteli ndani ya ukumbi wenyewe, kama vile Dubai, Doha, Istanbul na Amsterdam. Chumba cha humo ni ghali, lakini hakihitaji viza ya kuingia nchini. Vilevile viko viwanja vinavyofunga ukumbi usiku na kuwatoa watu. Ni lazima kuuliza.

Mzigo nao huvusha watu mpaka bila wao kukusudia. Aliyenunua tiketi mbili mbalimbali kwa kuwa pamoja zilikuwa rahisi kuliko moja, mara nyingi hana budi kuuchukua mzigo wake mwisho wa safari ya kwanza na kuuandikisha upya, na mzigo huo hutolewa nje ya meza ya uhamiaji. Kisha lipo jambo la viwanja viwili katika mji mmoja. Shirika letu la Uganda Airlines lilianza safari za Entebbe hadi Gatwick, London, mwezi wa Mei 2025, na wengi wetu tulifurahi. Lakini ndege nyingi za Toronto huondokea Heathrow, mwendo wa zaidi ya kilometa 60 kwa barabara, na hapana njia ya kutoka Gatwick kwenda Heathrow bila kuingia Uingereza. Paris ina viwanja vyake viwili, Istanbul pia.

Sasa na tuitazame njia ya bara la Ulaya, kama Brussels au Amsterdam. Nchi za mkataba wa Schengen zina orodha moja ya mataifa ambayo raia wake huhitaji viza hata ya kukaa ukumbini tu. Mataifa hayo ni kumi na mawili, na ya upande wetu wa Afrika yaliyomo ni Kongo ya Kinshasa, Ethiopia, Eritrea na Somalia. Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi hazimo. Kila nchi ya mkataba ina ruhusa ya kuongeza mataifa mengine katika orodha yake yenyewe, hivyo haitoshi kuuliza habari za "Ulaya". Ulizeni habari za nchi ile itakayowalaza.

Basi tazameni jinsi familia ya bwana wetu inavyogawanyika. Watoto hawaguswi na orodha ile ya pamoja. Mama yao aguswa. Iko nafuu, hata hivyo: kanuni hizo humsamehe viza ya ukumbini mtu mwenye viza halali ya Kanada, Marekani au Japani, na humsamehe pia arudipo kutoka huko baada ya kuitumia. Mama huyo, viza yake ya Kanada ikiwa mkononi, ataweza kukaa ukumbini pamoja na wanawe. Lakini msamaha huo ni wa ukumbini peke yake. Wakitaka kulala mjini, mama na watoto wote watano wahitaji viza kamili ya Schengen, na ile ya Kanada haitawafaa kitu. Tena wajihadhari na tiketi inayopita viwanja viwili vya Schengen, kwa mfano Brussels kisha Frankfurt ndipo Toronto. Safari kati ya viwanja hivyo huhesabiwa kama safari ya ndani, na meza ya uhamiaji huvukwa pale Brussels.

Uingereza ni kali zaidi kwetu. Raia wa Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo wote huhitaji viza hata kwa kubadili ndege bila kuvuka mpaka. Na akivuka, iko viza nyingine ya mgeni apitaye, isiyozidi saa 48. Hapa tena mwenye viza halali ya Kanada, Marekani, Australia au New Zealand husamehewa kwa masharti, na aweza hata kuruhusiwa kuvuka mpaka iwapo ndege yake ya mbele yaondoka kabla ya usiku wa manane wa siku ya pili. Ofisa wa mpakani ndiye aamuaye. Mtego wenyewe uko katika kurudi. Viza ya Kanada ikiwa imekwisha muda, msamaha wa arudiye hudumu miezi 6 tu tangu siku alipoingia Kanada kwa viza ile. Familia iliyokaa mwaka mzima yaweza basi kupita London kwa amani wakati wa kwenda, na kukataliwa njia hiyo hiyo wakati wa kurudi, pasipoti zikiwa zile zile na watoto wale wale. Hili huwashangaza hata watu waliosafiri sana.

Marekani haina ukumbi wa namna hii kabisa. Mpango wake wa kuwapitisha abiria bila viza ulisimamishwa mwezi wa Agosti 2003, na tangu hapo abiria wa kwetu abadiliye ndege New York au Washington, awe mtu mzima au mtoto anyonyaye, sharti awe na viza ya Marekani. Tiketi ya kupitia huko hata iwe rahisi namna gani, msiitazame kabla hamjaongeza bei ya viza sita kwa familia ya watu sita.

Nadhani liko jambo moja linalowapotosha askari hasa. Askari aliyepelekwa Mogadishu katika jeshi la Umoja wa Afrika, tangu kikosi cha kwanza cha Uganda kilipotua huko mwezi wa Machi 2007, alipanda ndege pamoja na kikosi chake, kwa mapatano ya serikali. Hakupanga foleni ya viza. Aliporudi alibaki na fikira kwamba kusafiri ng'ambo ni kuwa na amri ya safari na kuwahi kufika kiwanjani. Mkewe hana amri ya safari. Vivyo hivyo pasipoti ya utumishi ambayo ofisa hupewa: kanuni za Schengen humsamehe viza ya ukumbini mwenye pasipoti ya kibalozi, si mwenye ya utumishi, na kwa vyovyote kila mtu hutazamwa kwa pasipoti aliyoishika mwenyewe. Cheo cha baba hakiandikwi katika pasipoti ya mtoto.

Zamani mtoto aliandikwa ndani ya pasipoti ya mama yake, na wazee waliosafiri kwa ndege za East African Airways, shirika lililokoma mwaka 1977, wangali wakisimulia hivyo. Siku hizi kanuni za usafiri wa anga za mataifa zataka kila mtu awe na pasipoti yake, hata mtoto wa majuma matatu. Kwa hiyo mtoto atakayezaliwa huko Kanada lazima apatiwe hati yake ya kusafiria kabla ya siku ya kurudi, na njia yake ya kupita iangaliwe upya kwa hati hiyo.

Twasikia lawama nyingi juu ya makarani wa ndege, kwamba ni watu wasio na huruma. Labda wako hivyo. Lakini na ijulikane kwamba sheria huliangukia shirika lenyewe: Uingereza hulitoza paundi 2,000 kwa kila abiria aliyeletwa bila hati zitakiwazo, nazo nchi za Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2001, zina faini zao za maelfu ya euro. Kwa mama mmoja na watoto wanne hizo ni paundi 10,000. Karani hawezi kuzilipa kwa ajili ya machozi. Yeye hutazama katika kompyuta kanuni za kila nchi, na kompyuta ikisema hapana, naye husema, "Pole sana, mama, hatuwezi kuwapandisha."

Njia za Addis Ababa na za Ghuba huwapendeza wengi kwa sababu shirika la ndege lenyewe mara nyingine huwapa abiria hoteli ikiwa ratiba yake ndiyo inayowalaza. Ni neema, lakini hati ya hoteli siyo viza. Kwa Dubai, viza za kupita za saa 48 na za saa 96 huombwa mapema kwa njia ya mashirika ya ndege ya huko, na hukubaliwa kabla ya kufika. Basi siku ya kununua tiketi ulizeni: hoteli hii iko ndani ya ukumbi au nje, na ikiwa nje, viza za watu wote sita, kila mmoja kwa uraia wake, zitashughulikiwa na nani, na lini? Jibu lipokeeni kwa maandishi.

Kuna usiku usiotazamiwa pia, ndege ya kwanza ichelewapo na ya pili iondokapo bila abiria wake. Kwa safari zianzazo Ulaya, au zipelekwazo Ulaya na mashirika ya huko, kanuni ya mwaka 2004 hulilazimu shirika kuwapa abiria wake chakula na, ikibidi walale, malazi. Hata hivyo shirika haliwezi kuwapa viza, na familia isiyo nayo yaweza kulazwa ukumbini huku wenzao wakipelekwa hotelini. Hapo mama na aombe blanketi, chakula na mahali pa utulivu pa watoto, asione haya.

Kwa sababu hiyo mzigo wa mkononi upangwe kana kwamba ukumbini ndipo mtakapolala, kwa maana mabegi makubwa hamtayaona mpaka mwisho wa safari. Maziwa ya mtoto na dawa kwa kawaida huruhusiwa kupita kiasi cha mililita 100 kilichowekwa kwa vinywaji vingine, vikionyeshwa kwa wakaguzi. Wekeni humo blanketi jepesi, nguo za kubadili, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, na barua ya baba iliyotiwa sahihi ikieleza kwamba amewaruhusu watoto kusafiri na mama yao, hasa majina ya pasipoti yasipolingana. Vyeti vya homa ya manjano navyo viwe hapo. Chanjo hiyo hutambuliwa baada ya siku 10, na cheti chake siku hizi ni cha maisha yote.

Kwa bwana wetu wa polisi, njia ambayo sisi tungeichagua ni tiketi moja kwa watu wote, yenye nambari moja, isiyopita Marekani wala kubadili kiwanja, na yenye kituo kimoja tu cha kubadili ndege ambacho ukumbi wake hukesha wazi. Ikiwa ni Amsterdam, walale hoteli ya ndani au vitini. Pasipoti ya mkewe itajwe tangu mwanzo kwa wakala wa tiketi, isifichwe kwa kudhani kwamba watoto wataifunika. Nayo tiketi ya kurudi aikague mwezi mmoja kabla ya safari, akiwa na tarehe ya kuingia Kanada na tarehe ya mwisho ya kila viza mbele yake, na ikiwa yapita London, aombe wakati huo ibadilishwe.