Daftari la Wiki: Plagini za Gitaza

Mvua imeshika milima ya Muhuta, na watu wa Gitaza wanatazama juu. Barabara ya taifa namba 3, itokayo Bujumbura kwenda Rumonge na Nyanza-Lac, hapa imebanwa kati ya mlima na ziwa. Machi 2015 tope liliporomoka, likaua watu na kuziba njia. Njia nyingine ya kufikisha samaki wa ndagala mjini kwa gari haikuwa rahisi kupatikana.

*

Ufukweni yuko kijana anayetengeneza programu ya simu ya kuonyesha bei za ndagala na mikeke. Anatumia Flutter, ya Google. Juzi njia yake nayo iliziba: plagini moja, yaani kipande cha programu kilichoandikwa na mtu mwingine, inataka kifurushi cha http ^0.13.0, nyingine http ^1.0.0. Kakofia hako (^) maana yake ni "panda matoleo, lakini usivuke mpaka": ya kwanza inaishia kabla ya 0.14.0, ya pili inaanzia 1.0.0. Hazikutani popote.

"Mzee, hii ya zamani mwenyewe ameshaitelekeza, na kazi yangu yote imeegemea hapo."

Unaweza kulazimisha kwa dependency_overrides. Malalamiko yatanyamaza, ila programu inaweza kuja kuzima mkononi mwa mchuuzi. Nilimshauri atafute plagini nyingine, hata kama itamlia siku mbili. Na ile faili ya pubspec.lock aihifadhi kwenye Git pamoja na kazi yake, ili mwenzake aliyeko Bujumbura apate matoleo yale yale.

*

Si yeye wa kwanza kukwama hivi. Machi 2016 mtengeneza programu Azer Koçulu aliondoa left-pad kwenye npm, hazina ya vifurushi vya JavaScript: mistari 11 tu ya kuongeza nafasi mwanzoni mwa neno. Kazi za watu duniani zikakwama, wengi wao hawakujua hata kama waliitumia. Waliichukua ndani ya kitu kingine. Februari 2021 kampuni ya JFrog nayo ikatangaza kuifunga hazina yake ya JCenter, ambako plagini nyingi za Android zilikuwa zikichota mizigo yake. Tangazo lilitolewa mapema. Wangapi hulisoma tangazo la hazina?

*

Bando la intaneti ni ghali. Ukishapakua plagini mara moja, amri ya flutter pub get --offline inachukua kilichomo kwenye kompyuta yako. Nashangaa wangapi hawaijui.

*

Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wa taa hupumzika, maana ndagala hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa. Kwa hiyo kijana anataka programu ionyeshe pia siku za giza, na ameshapata plagini ya kalenda ya mwezi, nayo inaleta nyingine tano nyuma yake. Kutoka mwezi mwandamo mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu hivi. Kwa makadirio yanayowatosha wavuvi, hesabu hiyo ni mistari michache. Iandike mwenyewe, mwanangu.