Mfumo wa Farasi wa Kulipia: Tuombe Daftari Zima



Wapo waamini wetu ambao, kwa maelezo yao wenyewe, hawachezi kamari. Wanalipia "mfumo". Kila mwezi wanatuma fedha kwa simu kwa mtu wasiyemjua, naye anawatumia majina ya farasi watakaoshinda Uingereza au Afrika Kusini. Paroko akihubiri juu ya kamari hawaguswi, kwa kuwa wao wanaamini wamenunua maarifa. Homilia inayosema tu "kamari ni dhambi" inawapita pembeni, na tena haitoshi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inafundisha kwamba michezo ya bahati na kamari kwa yenyewe si kinyume cha haki. Haikubaliki inapomnyima mtu mahitaji yake au ya wengine, na tamaa yake inaweza kumfanya mtu mtumwa. Basi mafrateri, kabla ya kulaani, tupige hesabu.

Tuchukue mbio za farasi 6 wenye nafasi sawa. Malipo ya haki kwa mshindi ni mara 6 ya dau. Kampuni italipa, tuseme, mara 5, maana nayo lazima ile. Anayeweka shilingi 1,000 mara 6 na kupatia mara moja ametoa 6,000, amerudi na 5,000. Mfumo unapaswa kwanza kuziba pengo hilo. Kisha kuna ada. Ikiwa ada ni 20,000 kwa mwezi, na mtu anaweka dau la 2,000 mara 30, amezungusha 60,000. Ili arudishe ada tu, anahitaji faida ya theluthi nzima ya alichoweka! Mwenye uwezo huo anazitakia nini elfu ishirini za mama muuza mboga?

"Lakini alipatia mara 5 mfululizo!" Hilo lilishajibiwa. Mwaka 2008, Derren Brown alionyesha katika televisheni ya Uingereza jinsi mama mmoja alivyopokea utabiri wa mbio 5 na wote ukatimia. Siri ilikuwa hii: alianza na watu 7,776, akawagawa mafungu 6, kila fungu likapewa farasi wake. Walioshindwa waliachwa. Wakabaki 1,296, kisha 216, 36, 6, na mwishowe huyo mmoja, ambaye hakujua kabisa habari za wenzake. Hakudanganywa juu ya matokeo hata mara moja. Alifichwa idadi tu.

Kuhusu zile mbio za kompyuta, ambazo hazina farasi wala uwanja, sina mengi: matokeo yake yanatolewa na namba za kubahatisha, na anayeuza utabiri wake anauza hewa.

Mbio za kweli ni tofauti kidogo. Wapo wanaochunguza uwanja, uzito na mpanda farasi, na wachache hupata faida. Ila watu wengi wakimkimbilia farasi mmoja, malipo yake hushuka, na kampuni nyingi humpunguzia dau anayeshinda mara kwa mara. Kwa hiyo anayedai anao ujuzi huo aombwe daftari zima: utabiri wote wa mwaka, ulioandikwa kabla ya mbio, pamoja na ulioanguka. Kuonyesha tiketi zilizoshinda peke yake ni sawa na mhazini wa jumuiya kusoma mapato na kuruka matumizi. Mimi nisingelipa hata shilingi kabla ya kuliona daftari hilo.

Namba hiyohiyo ya 2413 inahesabu udanganyifu katika michezo kuwa jambo zito, isipokuwa hasara ikiwa ndogo mno. Ndiyo maana nawafikiria zaidi wanaowaleta wenzao katika makundi haya kwa kamisheni, pengine watu wa kwaya moja. Kijana akija kuzungumza nasi juu ya fedha alizopoteza, tumsikilize, kisha tumuulize aliwaingiza wangapi, na kama kamisheni ile bado anayo.