RADARI INAONA USIKU, LAKINI HAITOSHI PEKE YAKE



Juma lililopita, nyuma ya somo la jeografia, tulibishana sana. Mwenzetu mmoja alisema: «Siku hizi hapana haja mtu aingie porini kupima miti. Satelite inaona yote.» Wengi walipiga makofi. Mimi nilikataa, na leo naandika sababu.

Tuchukue misitu mikubwa ya kaskazini, kule Kanada, Urusi, Uswidi na Ufini. Wakati wa baridi usiku kule ni mrefu, na mawingu yanafunika mbingu siku mingi. Foto ya kawaida inashindwa. Ndiyo maana wataalamu wanatumia radari. Radari haingoji jua: inatuma mawimbi yake yenyewe, yanapita mawingu, yanagonga miti, kisha inasikiliza mwangwi unaorudi. Ni kama mama anayegonga bidoni kwa kidole apate kujua kama maji yamo. Sentinel-1 ya Ulaya, iliyorushwa mwaka wa 2014, inatumia mawimbi ya santimetre 5 na nusu hivi, yanayogonga hasa majani na matawi madogo. ALOS-2 ya Japani, ya mwaka ule ule, inatumia mawimbi ya santimetre 24 hivi. Yale yanaingia mpaka kwa matawi makubwa na mashina.

Mpaka hapo mwenzetu ana haki. Mwaka wa 2023 moto ulipita zaidi ya hektari milioni 14 kule Kanada. Nani angezunguka pale pote kwa miguu?

Lakini sikilizeni. Mwangwi ule unategemea sana maji yaliyo ndani ya mti. Baridi ikizidi, maji yanaganda na mwangwi unapungua. Basi mtu akilinganisha foto ya siku za joto na foto ya baridi kali, anaweza kulia: «Msitu umekatwa!» Kumbe miti yote iko, imesimama. Theluji ikilowana ao mvua ikinyesha, mwangwi unabadilika tena. Zamani mtu aliweza kusema: nitachagua foto za mwezi fulani tu. Sasa kule kaskazini joto linapanda upesi kuliko wastani wa dunia, theluji inaweza kuyeyuka hata katikati ya majira ya baridi, na kalenda peke yake haitoshi tena.

Ndiyo sababu katika mradi wa BOREAS, mwaka wa 1994, kwenye majimbo ya Saskatchewan na Manitoba ya Kanada, satelite na ndege zilipita juu, na watu walikuwa chini msituni wakipima miti, joto na unyevu.

Kwetu Kongo hakuna theluji, lakini mawingu yako tele, na mafuriko yanageuza mwangwi wa misitu ya mabondeni. Foto za radari zinapigwa juu yetu pia. Nani atazisoma vizuri? Ni yule anayejua mti wenyewe, aliyeuzungusha kamba akaandika kipimo.

Maoni yangu ni haya: foto zipigwe mara mingi, na mtu aende kuhakikisha. Hata kesi ya kijiji haikatwi kwa shahidi mmoja. Tena tusicheke siku mwalimu atakapotutuma kupima miti. Kazi ile haiko ya zamani; bila yake radari inasema na sisi hatuelewi.

Asiyekubali aandike, tumsome katika toleo linalokuja.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano