Nyaraka za programu huria: Maonyo yakizidi, nani atayasoma?

UCHAMBUZI

MJADALA kuhusu programu huria kwa muda mrefu umejikita katika mambo mawili: kwamba hupatikana bila malipo, na kwamba mtu yeyote mwenye ujuzi anaruhusiwa kuzirekebisha. Hata hivyo, ruhusa hiyo haina uzito mkubwa kwa fundi asiyejua pa kuanzia. Anachohitaji kwanza ni nyaraka zinazoeleza programu jinsi ilivyo leo, si ilivyokuwa miaka mitatu iliyopita.

Hapo ndipo penye tatizo. Programu inayoandikwa na watu wengi hubadilika kila siku. Amri hupewa jina jipya, faili huhamishwa, lakini ukurasa unaoyaeleza mambo hayo hubaki na maelezo ya zamani. Programu ikiharibika hugoma kufanya kazi, na kila mtu hujua. Ukurasa wenye kosa haugomi; unaendelea kumpotosha kila anayeusoma.

Dawa ambayo miradi mikubwa imeikubali ni kuzitunza nyaraka kwa utaratibu uleule wa programu. Maandishi huwekwa ghala moja na msimbo. Kila badiliko linapoletwa, kompyuta huyageuza maandishi hayo kuwa kurasa, hukagua kama marejeo na viungo vinafika panapotakiwa, na hutoa onyo panapokosewa. Baada ya hapo binadamu husoma, ndipo kurasa zichapishwe.

Mfano mmoja ni kiini cha Linux, mradi ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na ambao leo unaendesha seva nyingi za intaneti na simu za Android. Kwa miaka mingi sehemu ya nyaraka zake ilitengenezwa kwa DocBook, mfumo uliohitaji mlolongo wa programu zinazotegemeana na maandishi yaliyojaa alama. Mwaka 2016, katika toleo la 4.8, mradi huo ulianza kuhamia Sphinx, chini ya usimamizi wa Jonathan Corbet. Sphinx husoma maandishi mepesi ambayo hata asiye mtaalamu anaweza kuyahariri. Maelezo yaliyoandikwa ndani ya msimbo wenyewe nayo huchotwa na kuingizwa katika kurasa.

Aidha, kazi za watengenezaji mbalimbali wa Linux huunganishwa mara kwa mara katika toleo la majaribio. Nyaraka nazo hujengwa humo, na maonyo yanayojitokeza hutumwa kwa wahusika.

Lakini kutuma onyo ni jambo moja, na kusikilizwa ni jingine. Katika ujenzi wa kawaida wa nyaraka hizo, onyo halisimamishi kazi. Mradi unaporundika maonyo ya zamani, onyo jipya huzama ndani yake, na mwishowe hakuna anayetazama orodha hiyo. Ukaguzi huo unakuwa kama king'ora cha gari kinacholia usiku kucha mtaani: kila mtu anakisikia, hakuna anayetoka nje.

Mradi wa lugha ya Python, ambao ndio uliozaa Sphinx mwaka 2008, umejaribu njia nyingine. Badala ya kusubiri makosa yote ya zamani yaondolewe, uliandaa orodha ya faili zinazojulikana kuwa na kasoro. Faili iliyo nje ya orodha ikitoa onyo, badiliko hukwama. Faili iliyomo ndani ikisafishwa, ukaguzi pia hukataa kupita hadi jina lake lifutwe, ili isipate tena nafasi ya kuchafuka. Kwa njia hiyo deni la zamani linaweza kupungua taratibu, na jipya halikopwi.

Wapo wanaopinga ukali wa namna hiyo, na hoja yao ina msingi. Miradi huria hutegemea watu wa kujitolea. Mgeni aliyekuja kusahihisha neno moja akikataliwa kwa sababu ya nafasi tupu mwishoni mwa mstari, huenda asirudi tena. Vilevile, kiungo kinachoelekea tovuti ya nje kinaweza kukatika kwa saa moja bila kosa lake.

Jibu liko katika mpangilio wa hatua. Ukaguzi mwepesi unaomalizika haraka hutangulia, ili mwandishi apate jibu akiwa bado mezani. Kinachoruhusiwa kuzuia badiliko ni kile tu ambacho mleta badiliko ana uwezo wa kukirekebisha. Viungo vya nje hukaguliwa kwa ratiba yake, na matokeo hupewa mtu maalumu.

Pamoja na hayo, mashine haijui ukweli. Ukurasa unaweza kupita kila hatua na bado ukaeleza jambo lisilo sahihi. Python ina zana iitwayo doctest, iliyoingizwa mwaka 2001, ambayo huendesha mifano iliyomo kwenye nyaraka na kulinganisha matokeo na yaliyoandikwa. Hiyo ni hatua kubwa, lakini maelezo yasiyo na mfano bado yanahitaji jicho la binadamu.

Suala hili linawagusa pia wasomaji wa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na kuthibitisha kwamba tafsiri inawezekana. Kazi ngumu zaidi huja baadaye, maandishi ya asili yanapobadilika na tafsiri kubaki nyuma. Nyaraka za Linux zina tafsiri za lugha kama Kichina, Kiitaliano na Kihispania, na mradi huo sasa una zana ya kuonyesha tafsiri zilizopitwa na wakati.

Kwa hiyo, vyuo na vikundi vinavyotaka kutafsiri nyaraka kwa Kiswahili vinapaswa kupanga ukaguzi tangu siku ya kwanza, na kumtaja atakayeshughulikia kila onyo. Kununua au kupakua zana ni rahisi. Kumpata mtu atakayeulizwa kwa nini onyo la wiki iliyopita bado lipo, hapo ndipo kazi ilipo.