Bakteria Si Mjinga, Wacheni Kumlisha Antibayotiki Ovyo

Wacha niseme tu bila kuzunguka. Ukiingia duka la dawa na mafua yako, uitishe tembe mbili za antibayotiki, hujitibu. Unampa bakteria mazoezi.

Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Lakini tumboni mwako kuna bakteria kibao, wakiwemo E. coli. Hao ndio wanaonja hiyo dawa, na hawakai tu wakingoja kufa.

Cheki vile inaenda. Ukuta wa nje wa E. coli una vijitundu vya protini inayoitwa OmpF. Chakula hupitia hapo, na antibayotiki kadhaa pia. Ili protini hiyo itengenezwe, jeni yake hunakiliwa kwanza kuwa RNA, kama barua ya maagizo kwenda kiwandani. Sasa bakteria akihisi dawa kama tetrasaiklini, anaweza kuwasha RNA nyingine fupi sana, ya herufi 93 tu. Inaitwa MicF. Hiyo haitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kujibandika pale barua ya OmpF inaanzia, ndio kiwanda kishindwe kuisoma. Kisha barua inachanwa. Vijitundu vinapungua, dawa inaingia kidogo, na jeni ya OmpF yenyewe haijaguswa hata herufi moja!

Kuna wengine ambao hitilafu ya jeni huiacha swichi hiyo ikiwa imekwama, inawaka tu. Tembe zako mbili zikiua wenzao, hao ndio wanabaki, na wanazaana.

MicF iliripotiwa 1984 na Mizuno, Chou na Inouye, kabla wengi wetu tuzaliwe. Lakini darasani bado tunakaririshwa ati RNA ni mbeba ujumbe, basi. Kumbe kuna RNA ya kuzima ujumbe! Tungefunzwa hiyo, pengine tungeheshimu dawa.

Najua foleni ya hospitali ni ndefu na mfukoni hakuna kitu. Najua pia muuzaji haulizi cheti. Lakini siku utapata maambukizi ya kweli, ya damu ama ya figo, utahitaji dawa inayoingia. Mlango ukiwa umefungwa, pesa haitakusaidia.

Kwa hivyo mafua yakikushika, kunywa maji, lala, ngoja. Yakizidi, ona daktari. Hizo tembe mbili ziache dukani.