Kibodi Vipande Viwili, Nyumba Moja

Huku Arusha baridi ya Julai imetukamata kisawasawa. Mlima Meru hatujauona siku ya nne leo, umejifunika mawingu, na sisi tumejifunika mablanketi. Baridi hii imenikumbusha mkono wangu wa kushoto.

Mwaka jana wakati kama huu mkono ulinigomea. Maumivu yalianza kwenye kidole kidogo, yakashuka hadi kwenye kifundo, mwisho nikawa naamka usiku wa manane kuukung'uta. Daktari akaniuliza, "Dada, kwa siku unataipu saa ngapi?" Nikacheka. Akaniambia niupumzishe. Gazeti linakwenda mitamboni Ijumaa, nipumzishe nini jamani?

Kumbe usiku ule mwenzangu naye alikuwa halali. Mwezi uliofuata narudi kazini, nakuta meza ya chakula imejaa vidude: bodi ndogo tano, mfuko wa swichi, daiodi kama punje za ulezi, na kile kichomeo cha mafundi redio kinatoa moshi. Nilipoambiwa gharama, ilikaribia kodi yetu ya mwezi mzima hapa Njiro. Nikawaka. Yaani kibodi zimejaa madukani, wewe unatengeneza ya kwako, tena ndogo, tena imekatwa katikati? Siku mbili hatukusemeshana.

Siku ya tatu nikakubali kukaa na kusikiliza. Kibodi ile inaitwa Corne. Ilibuniwa Japani na michoro yake inatolewa bure, unaipeleka kiwandani China wanakuchapia bodi, mara nyingi kuanzia tano. Kibodi ya kawaida ina vitufe 104, hii ina 42 tu. Kila nusu ina 18 vya vidole vinne na 3 vya gumba. Namba hazijapotea: unashikilia kitufe kimoja cha gumba, herufi zinageuka kuwa namba. Nusu mbili unazitenga kwa upana wa mabega, vifundo havipindi. Wazo lenyewe si la jana. Uingereza, miaka ya 1970, Lillian Malt, mama aliyebobea katika kufundisha watu kutaipu, alishirikiana na Stephen Hobday kubuni kibodi ya Maltron, yenye sehemu mbili za kufuata umbo la mikono.

Kilichonimaliza nguvu ni swali lake moja. "Mke wangu, andika: Baba na mama wanaandaa chakula. Halafu hesabu herufi A." Nikahesabu. Herufi 26, A ziko 12! Na A inabonyezwa na nani? Kidole kidogo cha kushoto, kile kile kinachouma, ambacho pia kina kazi ya Shift na Tab. Mpangilio huu uliingia sokoni Marekani mwaka 1874 na tapureta ya Sholes iliyotengenezwa na Remington. Kiswahili hakikuwemo akilini mwa mtu. Q na X zina nafasi zao nzuri tu wakati sisi hatuzihitaji, na A yetu imetupwa pembeni kwa kidole dhaifu.

Basi tukaihamishia A kwenye gumba la kushoto. Programu yake inaruhusu, kitufe chochote unakipa herufi unayotaka. Alipendekeza tupange upya na herufi nyingine zote, nikamwambia vita viwili kwa wakati mmoja siviwezi.

Msomaji wangu, nisikudanganye. Siku ya kwanza aya moja ilinichukua dakika arobaini. Mimi, mtu wa shahada, najikongoja kama mtoto wa chekechea! Isitoshe, fundi wangu aligeuza daiodi moja, kitufe cha P kikawa kimekufa. Nikimwandikia "mpenzi" inatoka "menzi". Tulicheka mpaka machozi, na nadhani ndipo ugomvi ulipoishia.

Aliyeniokoa ni mama yangu, katibu muhtasi mstaafu wa enzi za tapureta. Alipanda kutoka Tengeru, akanitazama kidogo, akavua khanga ya begani na kuifunika mikono yangu. "Mwanangu, huko chini unatafuta nini? Macho kwenye karatasi." Robo saa asubuhi, robo saa jioni, maneno yale yale. Kazi za ofisini niliendelea na kibodi ya zamani kwanza, nikapunguza saa. Baada ya wiki tatu nikaanza kuelewana na gumba langu. Mwezi wa pili kasi yangu ikarudi.

Je, nimepona kwa sababu ya kibodi? Sijui kama ni yenyewe, maana nilianza pia kutii daktari: kila nusu saa nainuka. Ninachojua, usiku nalala. Wewe ukisikia ganzi vidoleni, muone daktari kwanza, mambo ya kununua vifaa yafuate. Na ukiamua kujenga, angalia alama ya daiodi kabla ya kuchomelea, na usichomoe waya unaounganisha nusu mbili wakati kibodi iko kwenye kompyuta. Unaweza kuiunguza.

Nimejifunza kitu kimoja. Nilikuwa nauficha mkono unaouma kwa sababu niliogopa kuonekana mzembe, na aliyekuwa ananisaidia nikamwona mfujaji. Hatukuwa tumeulizana tu. Nyumba ngapi zinaingia kwenye kununiana hivyo hivyo?

Kibodi moja inakula bodi mbili, kwa hiyo kati ya zile tano zilibaki tatu. Jumamosi iliyopita nilikishika kichomeo mwenyewe, naunda ya kwake. Daiodi ya P nimeiangalia mara tatu.

Tukutane mwezi ujao!