Picha ya Usiku Yataka Subira na Adabu

Wengi wa ndugu zetu wanaosafiri kwenda Lamu hurudi na picha za mchana tu. Usiku kamera hutiwa mkobani, au hutolewa ikawamulika watu machoni kwa ile taa yake kali. Mimi naona yote mawili ni hasara. Taa ya kamera haifiki mbali: aliye karibu hugeuka mweupe kama chokaa, na mji nyuma yake ukazama kizani.

Picha ya usiku haitaki chombo cha thamani. Kamera ndogo ya mfukoni yatosha, maadamu yaweza kuachwa wazi sekunde 10 au 15. Nami nisafiripo sichukui stendi ya miguu mitatu. Baraza za Lamu ni za mawe, hazitikisiki. Iweke kamera hapo juu ya kitambaa kilichokunjwa, uizime taa yake, kisha uitege ifyatuke yenyewe baada ya sekunde kadhaa, ili kidole chako kisiitikise. Halafu ngoja. Haba na haba hujaza kibaba, na nuru ni vivyo hivyo.

Hapo utaona nyumba zimetulia wima, bali jahazi lililotia nanga lina ukungu kwa kuchezewa na mawimbi, na taa ya mashua ipitayo imekuwa uzi.

Tena apitaye hatoki pichani. Mwaka 1838 Mfaransa Daguerre alipiga picha ya njia kuu moja ya Paris. Kwa kuwa kamera ilikaa wazi dakika kadhaa, njia ilitoka kama mahame, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama, yaonekana akisuguliwa viatu.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Mji wetu una stara zake. Akina mama wapitao vichochoroni na waumini watokao Isha hawapendi kumulikwa. Picha ya subira huwapitisha salama, sura zao zisichukuliwe. Lakini wazee walioketi barazani wataonekana. Hao watolee salamu, uwaombe ruhusa kwanza.

Wala elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Cairo, aliandika katika karne ya 11 jinsi nuru ya jua lililopatwa ipenyavyo tundu dogo ikachora umbo lake.

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kuta zina wa kuzitazama. Je, usiku wake, kiza chake na nuru hafifu ya dirishani, nani atautunza? Taa moja kali ikitundikwa kichochoroni, usiku wa pale umekwisha. Kwa hivyo nawasihi vijana wetu, kabla ya wageni, wautie usiku huo pichani ungalipo, kwa subira na kwa adabu.